Daftari la Kushuka na Kupanda

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeiba. Naandika hivyo mwanzoni kabisa ili mjukuu wangu akija kulisoma daftari hili asiseme bibi alijisafisha.

Leo wamekomba kila kitu cha zamani kwenye chumba cha redio hapa kituo cha polisi. Ile redio kubwa ya kijivu iliyokuwa ikikoroma kama mzee mwenye pumu, wameitoa watu wawili wakaibwaga nyuma ya stoo kama mzoga. Marehemu mume wangu aliikalia miaka ishirini na sita, kofia kichwani, kalamu sikioni, na hakuna siku aliyoipiga kofi. Madaftari yake wameyarundika karibu na shimo la takataka yachomwe. Nikachukua moja, la mwisho, nikalitia kapuni chini ya majani ya chai. Nusu ya mbele ina mwandiko wa marehemu na wa sajini aliyemrithi. Nusu ya nyuma ni nyeupe pe. Mtu aliyelelewa hachomi karatasi nyeupe.

Shule niliacha darasa la pili. Kuandika nilifundishwa na mume wangu mezani pale pale, chai ikichemka, kwa kunakili mistari yake aliyoipiga kwa rula: tarehe, gari, kushuka, kupanda. Hayo ndiyo maneno ya kwanza uliyoyaweza mkono wangu, hata kabla ya jina langu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wamenitoa chumba cha redio. Mimi, niliyekipigia deki tangu sakafu yake ikiwa udongo.

Aliyenitoa ni fundi mkuu wa mitambo mipya, mtu wa miaka arobaini hivi, viatu vyeupe kama anakwenda kuposa. Amebandika karatasi mlangoni: vinywaji marufuku, asiyehusika marufuku. Nikamuuliza, "Na mimi ni nani hapo, kinywaji au asiyehusika?"

"Mama, usichukie. Mitambo hii haipatani na maji. Halafu mawasiliano ya polisi siku hizi ni siri. Si kila mtu asikie."

Si kila mtu! Mkuu wa kituo kasimama pembeni anakohoa kikohozi cha bandia, na hakunitetea hata kwa nyusi.

Sasa napitisha chai kwenye kidirisha cha ukutani, kama mfungwa anayelishwa, ila mfungwa ndiye anayelisha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Yule dereva ninayemwita Usingizi ameniachia kikombe kichafu tena. Miaka minane.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Leo nimekata kiu.

Fundi amezunguka wiki nzima na gari, kifaa kidogo mkononi, anapima wapi redio mpya inashika na wapi haishiki. Jioni akaja kidirishani, akainama. "Mama wa chai, ninyi wa zamani, kulikuwa na mahali redio inasumbua? Au kuna kumbukumbu zozote zilizobaki? Sajini wenu kahamishwa na simu yake haipatikani."

Daftari lilikuwa kapuni, miguuni pangu. Nilikuwa nimelikanyaga kwa kidole gumba.

Nikamwambia, "Mimi nijue nini, baba? Mimi ni asiyehusika."

Akacheka kidogo, akaona haya, akaenda zake. Nami nikafurahi kama mtoto aliyeficha kiboko cha mwalimu.

Ninachokijua ni hiki, na kimeandikwa kwenye kila ukurasa wa mbele. Barabara ya kwenda kituo kidogo cha ng'ambo inapanda mlima, halafu inashuka kwenye kona ya mto, inavuka daraja la chini, inapanda tena. Kiangazi pale redio inasikika vizuri tu, maana miti imebaki mifupa. Mvua ikianza, miti ikivaa majani na majani yakilowa, sauti haipiti. Unakuwa kama umefungwa ndani ya gunia bichi. Simu ya mkononi ndiyo kabisa, pale haijawahi kushika. Ndiyo maana mume wangu akaweka desturi: msimu wa mvua, kila dereva akifika juu ya mlima aseme "nashuka", na mtu wa redio aandike saa. Akitokea ng'ambo aseme "nimepanda", saa iandikwe. Nusu saa ikipita bila kupanda, gari lingine linatumwa, bila kuuliza, bila kungoja. Haikuwa kwenye sheria yoyote ya polisi. Ilikuwa kwenye daftari tu, na kwenye vichwa vya watu watatu wa chumba cha redio: mmoja kafa, mmoja kahamishwa, mmoja anachemsha chai.

Fundi kapima Machi hii, kabla ya mvua, miti mitupu. Atapotea. Akipotea atakuja kuniuliza kwa adabu, na mimi nitamwambia. Sitaki kingine. Adabu tu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Redio mpya zimewashwa. Wakubwa wamekuja, wamekata utepe, wamekunywa chai yangu, hakuna aliyesema asante.

Lakini nisiseme uongo: mambo ni mazuri. Sauti inatoka safi, mtu akiwa mbali unadhani yuko chini ya meza. Wezi waliokuwa wananunua viredio sokoni wakasikiliza askari wako wapi, sasa wanasikia kimya. Ukutani kuna kioo kikubwa chenye ramani, na kila gari ni kinukta cha kijani kinachotembea. Mimi nakiona kutoka kidirishani, pembe pembe.

Na anayekiangalia kioo hicho ni mjukuu wangu. Amefunzwa miezi sita, amerudi mwezi uliopita na cheti. Niliyemlea mimi, tangu mama yake aolewe mbali, anakaa kwenye kiti cha babu yake. Nilimwambia kupitia kidirisha, "Mke mwenza, kaa wima, usimwaibishe mume wetu."

"Mke mwenza, funga kidirisha, niko kazini," akasema, midomo yake inacheka.

Sikumwambia habari za kona. Ningemwambia, angemwambia fundi, na fundi angepata bure.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Mvua. Bati linavuja juu ya jiko langu. Mitambo ya mamilioni, ndoo yangu inatona to, to, to.

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Mvua siku ya tano.

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Usingizi, dereva wa Gari Tatu, alifika juu ya mlima akasema kwa sauti yake ya kamasi, "Kituo, Gari Tatu, nashuka."

Mjukuu: "Gari Tatu, unashuka wapi? Taja eneo kwa namba."

"Nashuka, mwanangu. Nashuka tu. Babu yako angeelewa."

Fundi alikuwepo, akachukua kipaza sauti mwenyewe. "Gari Tatu, tunakuona kwenye kioo. Mtandao si wa soga. Usirudie."

Usingizi akajibu, "Roja, nimesikia, bwana kioo."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkuu wa kituo akaandika tangazo: ni marufuku maneno yasiyo ya kikazi kwenye redio. Nami nilicheka na wao. Nilicheka kwa sababu ni Usingizi, na Usingizi ni wa kuchekwa.

Jina hilo nilimpa mimi. Mwaka wa kwanza alipokuja nilimkuta amelala na usukani kifuani, saa tatu asubuhi, mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka kama wana vitambulisho. Nikamwita Usingizi mbele ya gwaride, na mpaka leo hata Mkuu anamwita hivyo. Yeye huniita mchumba. "Mchumba, chai." Namjibu, "Mchumba wa nani, wewe mwenye miguu kama mipini ya majembe?" Anakunywa kwa kelele kama ng'ombe kisimani, anaacha kikombe kwenye jiwe, kwenye kizingiti cha dirisha, chooni, popote. Cha bati, ukingo wa buluu, kimemeguka. Halafu anaendesha gari mpaka juu ya mlima penye kivuli, analala nusu saa. Kituo kizima kinajua.

Jumatano, tarehe 26 Machi

Goti linauma. Mvua. Sukari imeingia sisimizi.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Fundi amekuja kuomba chai bila sukari. Viatu vyeupe si vyeupe tena. Akasema, "Mama, chai yako nzuri." Nilikaribia kumwambia. Ulimi ulikuwa umekwisha kunyanyuka. Halafu akasema, "Ila kikombe kinachuruzika, usisogelee mlango wa mitambo." Nikaumeza.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Sikuandika juzi. Jana pia sikuandika. Leo naandika yote, kwa mpangilio, kama mume wangu alivyonifundisha, saa kwa saa.

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa inapiga mpaka huwezi kumsikia mtu aliye mbele yako. Usingizi alikuja kidirisha cha nje. Alikuwa peke yake, mwenzake alikuwa mahakamani, naye ametumwa kupeleka barua na betri kituo kidogo cha ng'ambo. Akanywa. Alipomaliza akakinga kikombe kwenye maji ya bati, akakisuuza, akakipindua dirishani.

"Mchumba, leo nimeosha. Usiseme huna bahati."

Nikamwambia, "Mara ya kwanza katika miaka minane. Leo itanyesha mvua ya mawe."

Akacheka. Halafu akasogea, akashusha sauti. "Sikiliza, bibi. Hawataki niseme kwenye redio, basi nakwambia wewe. Nashuka kona. Nikirudi nitakuja kunywa ya pili, ujue nimepanda."

Aliniita bibi. Hajawahi kuniita bibi.

Nikasema, "Nenda zako, nina masufuria." Sikutazama saa. Niliitazama baadaye kwenye kioo cha mjukuu: kinukta cha Gari Tatu kilifika juu ya mlima saa nne na robo.

Kikasimama.

Saa tano kasorobo nilikuwa napitisha chai. Mjukuu alikuwa ameegemea meza, anaita. "Gari Tatu, Kituo. Gari Tatu, Kituo." Akageuka kidirishani. "Bibi, Gari Tatu hajibu. Ila gari naliona, limesimama juu ya mlima. Nimwambie Mkuu atume watu?"

Hapo ndipo. Nusu saa kamili, kama ilivyo kwenye daftari. Ningefumba macho ningeona mwandiko wa mume wangu.

Nikasema, "Unamsumbulia nini Mkuu? Huyo Usingizi. Kalala. Mvua kama hii ni shuka kwake. Mwache, ataamka."

Akacheka. Akasema, "Kweli, mke mwenza." Akaketi.

Niliyasema kwa sababu niliyazoea kuyasema. Hakuna sababu nyingine, nimetafuta siku mbili. Mtu kaniachia neno lake mkononi, nami asubuhi ile ile nimelitupa kama maganda.

Saa tisa alasiri watu wa kituo kidogo walipiga simu kuuliza kama barua zinakuja kesho, maana walidhani mvua imemzuia. Mjukuu alisimama kiti kikaanguka. Askari waliotumwa walipofika juu ya mlima hapakuwa na gari. Kinukta kilikuwa pale pale kwenye kioo, kijani, kimetulia, na gari halipo. Lilikuwa chini, kona ya mto, limeburutwa kutoka darajani mpaka kwenye mizizi, pua ndani ya maji. Usingizi alikuwa ndani. Mguu ulibanwa. Maji hayakuwa yamemfika mwanzoni, walisema. Yalipanda polepole.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Msibani. Niliketi na wanawake chini. Nilisikia jina lake kamili kwa mara ya kwanza, majina matatu, mazuri. Siliandiki. Sistahili bado.

Mkewe ana pacha wa miezi minne. Mmoja kifuani, mmoja mgongoni kwa wifi. Wifi mtu akawa anasema, hajui anamwambia nani: "Kaka yangu alikuwa hapati usingizi. Tangu hawa wazaliwe na mama yao aumwe, usiku kucha yeye ndiye anatembea nao. Alikuwa anasema, nikifika kazini nitaiba nusu saa mlimani."

Miaka minane yote sikumuuliza. Yaani nasema minane, pacha wana miezi minne tu. Huko nyuma labda alikuwa na mengine. Sikuuliza hayo pia.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Fundi ameifungua redio ya Gari Tatu. Kumbe kila ukibonyeza kitufe cha kuongea, inaandika saa ndani yake, hata kama hakuna aliyekusikia. Aliwasomea Mkuu na wenzake chumbani, kidirisha kilikuwa wazi. Mara arobaini na moja. Ya kwanza saa nne na dakika ishirini na mbili. Ya mwisho saa saba na dakika tano.

Akasema kinukta hukaa mahali pa mwisho kiliposikika. Mtambo haujui tofauti ya gari lililosimama na gari lililopotea. "Nilipima mwezi wa tatu mwanzoni," akasema. "Vijiti vinne vya mawimbi, pale pale darajani. Vinne." Alikuwa hasemi na mtu.

Nilishika sufuria ya moto kwa mkono mtupu na sikusikia.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Mjukuu amesimamishwa kazi. Wanasema alimwona dereva hajibu, hakutoa taarifa masaa manne. Kamati itakaa. Akikutwa na kosa anafukuzwa, na huenda akashtakiwa.

Amerudi nyumbani, amevua sare, ameikunja vizuri, ameiweka kitandani kama maiti. Hajaniita mke mwenza.

Ijumaa, tarehe 11 Aprili

Mvua.

Jumamosi, tarehe 12 Aprili

Mvua. Nimepika, hajala. Nimegomba, hajajibu. Mwanzo nilikuwa naweza kumfanya mtu ale kwa kugomba.

Jumatatu, tarehe 14 Aprili

Ameitwa na kamati leo. Amerudi saa nane, ameketi kwenye kigoda, viatu vina matope.

Nikamuuliza, "Wamekuuliza nini?"

"Wameuliza kwa nini sikutuma mtu."

"Ukasema nini?"

"Nikasema niliona gari limesimama, nikadhani amepumzika."

"Nani alikufanya udhani?"

Akanitazama. Macho ya babu yake yale, ambayo nilikuwa siyawezi hata nikiwa na haki. "Nilisema nilidhani mimi, Bibi. Wewe hukuwa chumbani. Si ulitolewa? Wewe ni asiyehusika."

Halafu akaenda kuosha viatu vyake.

Basi. Mtoto kanibeba mgongoni mbele ya watu wazima, na mimi niko hapa na daftari chini ya godoro.

Jumanne, tarehe 15 Aprili

Nusu ya mbele ya daftari hili inaweza kumwokoa. Inaonyesha kwamba kona ilijulikana miaka na miaka, kwamba palikuwa na desturi, kwamba hakuna aliyemfundisha. Ukurasa baada ya ukurasa, kushuka, kupanda. Mwaka wa mafuriko makubwa kuna mstari mmoja: kushuka saa mbili, hakupanda, gari limetumwa saa mbili na nusu, watu watatu wameokolewa wakiwa juu ya bati la gari. Mwandiko wa marehemu, haukutetemeka.

Lakini nusu ya nyuma ni mimi. Nimeiba. Nimekanyaga daftari kwa kidole gumba. Nimefurahi kama mtoto. Nimesema mwache, kalala.

Nimechukua kisu cha vitunguu. Kurasa zangu si nyingi, uzi wake umelegea, zingetoka bila kuacha hata jino. Nimekaa nacho mpaka chai imekauka jikoni.

Kisha nikajiambia: mwanamke wewe, umewaita watu wavivu, wachafu, wajinga, umewapa majina ya kuwafuata mpaka kaburini. Jipe na wewe moja.

Kesho nalipeleka zima.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Wamenirudishia daftari. Kila ukurasa umepigwa mhuri wa zambarau, hata ule niliosema viatu vya fundi ni vya kuposea. Serikali imesoma habari za sisimizi wa sukari yangu.

Niandike ilivyokuwa.

Kamati ni watu watatu. Mwenyekiti ni mama wa makamo, nywele fupi, miwani kwenye kamba. Nilivaa nguo yangu ya misibani. Mlinzi wa mlango akasema, "Bibi, chai ni saa nne." Nikamwambia, "Leo sikuleta chai, nimeleta kosa. Nipishe."

Mwenyekiti akafungua mbele, akasoma kurasa mbili tatu, akamwita fundi asogee. Fundi akasoma. Akaweka kidole kwenye safu ya "kupanda", akakishusha mpaka chini, polepole, kama mtu anayehesabu mbavu za mgonjwa. Akasema, "Kila msimu wa mvua. Pale pale." Halafu akanigeukia. "Nilikuuliza, mama."

"Uliniuliza."

"Lilikuwa wapi siku ile?"

"Kapuni. Chini ya mguu wangu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka kusema karatasi mlangoni, nilitaka kusema miaka yangu ya deki. Yote ni kweli. Nikasema, "Kwa sababu uliniudhi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mwenyekiti akafika nyuma, akasoma ya tarehe tano Aprili kwa macho, midomo imefumba. Akavua miwani. "Mjukuu wako hakututajia kwamba ni wewe uliyesema amelala."

"Ndiyo sababu nimekuja."

Mjukuu alikuwa ameketi nyuma, karibu na dirisha. Sikugeuka. Nilisikia tu kiti chake kikilia.

Mimi nilidhani watanifunga. Nilikuwa nimefunga hata kitambulisho na kanga ya pili kwenye mfuko. Mwenyekiti akasema kazi yangu ni chai na mtu wa chai hana wajibu kisheria juu ya redio. Nikamwambia, "Mama, dereva hakuijua hiyo sheria. Aliniaga mimi." Akasema, "Najua. Nimesoma." Akaandika.

Mjukuu amepewa onyo, amerudishwa kazini. Kampuni ya fundi imeambiwa ipime upya eneo lote la wilaya hii, mvuani. Mimi sikufukuzwa. Mkuu wa kituo akasema, "Endelea tu, bibi, mambo haya yamepita." Yamepita wapi? Afadhali angenifukuza.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Nimekwenda kwa mjane. Nilimwambia nimekuja kusema jambo. Alikuwa anabembeleza mmoja wa pacha begani. Akasema, "Sema lote, halafu uondoke."

Nikasema lote. Neno la kidirishani, saa, kicheko. Hakunitukana. Aliuliza kimoja tu: "Alikunywa chai?"

"Alikunywa."

"Akaosha kikombe?"

"Akaosha."

"Mimi ndiye nilimwambia," akasema. "Nilimwambia asubuhi ile, osha kikombe cha yule mama, usimzoee." Akafungua mlango, nikatoka.

Jumanne, tarehe 20 Mei

Fundi yuko kona ya mto siku ya tatu, mvua juu yake, anasimamisha mlingoti mdogo wa kupokezana sauti. Nimemtumia chai kwenye chupa. Na kwenye kioo amebadilisha kitu: gari lisiposikika dakika kumi, kinukta kinakuwa chekundu na kinapiga kelele. Amekuja jioni kunionyesha kidirishani, viatu vya mpira, matope mpaka magotini.

"Hivi inatosha, mama?"

Aliniuliza. Kwa adabu, ameinama, anangoja nijibu. Ndicho nilichokuwa nakitaka mwezi wa tatu, na sasa nimekipata kizima, na sijui nikiweke wapi.

Nikamwambia, "Mlingoti nao hulala, baba. Andikeni na saa."

Si mtu mbaya. Hakuwahi kuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na kinyongo.

Jumamosi, tarehe 24 Mei

Mvua imepungua. Goti.

Ijumaa, tarehe 30 Mei

Leo hapajanyesha hata tone. Majani ya mlimani yameshika vumbi lake la kwanza.

Saa tatu na nusu kidirisha kilifunguka. Mjukuu. Kwa siku zote hizi tunaongea ya chumvi na ya funguo tu. Alikuwa na kipaza sauti mkono mmoja, kalamu mkono mwingine.

"Gari Tatu amefika juu. Dereva mpya. Anashuka."

"Mnaandika?"

"Tunaandika. Daftari jipya, nimelipiga mistari kama ya babu." Akanyanyua kalamu. "Saa yako inasemaje, Bibi?"

Bibi, si mke mwenza. Lakini aliuliza.

"Saa tatu na dakika thelathini na mbili."

Akaandika. Hakufunga kidirisha. Tukakaa hivyo, yeye na kioo chake, mimi na sufuria yangu, tunasikiliza. Mlingoti unafanya kazi, kinukta kilikuwa kinatembea vizuri chini pale kona, kila mtu anakiona. Hata hivyo tulingoja neno lake. Saa tatu na dakika hamsini redio ikasema, sauti changa, haijui chochote: "Kituo, Gari Tatu, nimepanda."

Mjukuu akaandika. Kisha akafunga kidirisha, taratibu.

Kikombe chenye ukingo wa buluu bado kiko dirishani, kimepinduliwa. Sikipi mtu.

Jioni hii nimefungua ukurasa wa mwisho wa daftari hili. Nimepiga mistari kwa rula ya marehemu. Nimeandika kwa herufi kubwa, kwa sababu mkono umechoka, na juu nimeandika majina yake matatu, yote, kama yalivyosomwa msibani. Hayo ni ya ukurasa ule, siyarudii hapa. Chini yake:

Tarehe: 3 Aprili. Gari: Tatu. Kushuka: saa nne na robo. Aliyeambiwa: bibi wa chai.

Kupanda: